Ubovu wa Vipindi

Ubovu wa chombo ni wa namna mbili: ubovu wa daima na ubovu wa vipindi. Ubovu wa daima ni adui aliyesimama uwanjani. Huonekana, huendewa, na kwa kawaida hushindwa. Ekseli iliyokatika hulala barabarani wala haihitaji shahidi. Ubovu wa vipindi ni mgeni wa usiku. Huja bila kubisha hodi, hukaa muda aupendao, na fundi afikapo huwa umekwisha ondoka. Chombo chenye ubovu huu si kizima wala si kibovu. Humtii mwenyewe siku tisa na kumwaibisha siku ya kumi. Kwa sababu hiyo huharibu mambo mawili kwa pamoja. Huharibu safari, na huharibu fikira za watu. Na uharibifu wa pili aghalabu hupita wa kwanza.

Mfano wa jambo hili ulionekana mwaka 2012 katika wilaya ya Kilosa, mkoa wa Morogoro. Lilikuwako huko lori la kale la Kiingereza, la dizeli, lenye umri uliopita miaka 30. Rangi yake ilikuwa imepakwa juu ya rangi nyingine mara nyingi hata hapakuwa na mtu aliyejua rangi ya kwanza. Mwenye lori, aliyeitwa tajiri kama ilivyo desturi ya watu wa magari, hakuwa tajiri kwa maana ya kamusi. Lori lile lilikuwa shamba lake, duka lake na pensheni yake. Dereva alikuwa mtu mzima aliyelizoea kama mtu azoeavyo ndugu mkaidi. Utingo alikuwa kijana wa miaka 19, aliyemaliza darasa la saba, mwenye mama na wadogo wawili waliotazamia ujira wake.

Kilosa umekaa kando ya Mto Mkondoa, juu ya Reli ya Kati ambayo Wajerumani waliijenga kutoka Dar es Salaam, ikafika Morogoro mwaka 1907 na Kigoma mwaka 1914. Mji huo unajua vizuri maana ya safari kukatika. Mafuriko ya Desemba 2009 na Januari 2010 yaliingia majumbani, yakawatoa maelfu ya watu katika makao yao, na yakabomoa reli upande wa magharibi. Mikumi uko kusini ya Kilosa, mwendo wa kilomita zisizopungua 70, na njia ya kwenda huko katika mwaka ule ilikuwa ya vumbi na changarawe. Hupita kijiji kiitwacho Ulaya, ambacho hakihitaji pasi ya kusafiria, kisha huifikia barabara kuu itokayo Dar es Salaam kwenda Zambia. Mashariki ya mji wa Mikumi barabara hiyo kuu hukata katikati ya Hifadhi ya Taifa ya Mikumi, iliyoanzishwa mwaka 1964, kwa mwendo wa yapata kilomita 50. Hapo tembo, nyati na simba ndio wenyeji, na motakaa ndizo wageni.

Katika njia hizo lori lilichukua mahindi, mpunga, vitunguu na nyanya. Alfajiri huko Kilosa liliwaka kwa wepesi. Lakini mara nyingine, baada ya kuzimwa kwa muda mfupi kijijini Ulaya au mjini Mikumi, dereva alipogeuza ufunguo hapakuwa na mngurumo. Palisikika mlio mdogo kama wa ulimi uliogonga kaakaa, kisha kimya. Watu waliitwa, lori likasukumwa, na baada ya hatua chache likawaka. Safari iliendelea, na pamoja na safari yaliendelea mazungumzo juu ya nani wa kulaumiwa.

Siku moja kimya kile kilikuja mahali pabaya. Lori lilikuwa limepakia matenga ya nyanya kutoka Mikumi kwenda Morogoro. Gurudumu la nyuma lilitoboka ndani ya hifadhi. Likasimamishwa kando ya lami na injini ikazimwa. Gurudumu lilipokwisha badilishwa, stata ilikataa. Jua lilikuwa linatua. Watu wa kusukuma walikuwa wawili tu, na mzigo ulikuwa mkubwa kuliko nguvu zao. Utingo alikata matawi akayaweka barabarani nyuma ya lori, ili wenye mabasi na malori makubwa waonywe kabla ya kufika. Kila aliposhuka kuyapanga upya, giza la porini lilikuwa mgongoni mwake. Walilala garini. Msaada ulipatikana asubuhi, lakini nyanya zilizochumwa zikiwa zimeiva hazikungoja, na sehemu kubwa ya mzigo ikamwagwa.

Kabla ya siku hiyo hukumu mbili zilikuwa zimekwisha tolewa. Mshtakiwa wa kwanza alikuwa betri. Betri mpya ilinunuliwa kwa mkopo, na kwa siku 8 lori halikukataa. Watu walipongezana. Siku ya 9 lilikataa. Mshtakiwa wa pili alikuwa stata. Ilifunguliwa, ikatiwa kaboni mpya na bushi mpya, na kwa siku 11 lori likawa kama lililotoka kiwandani. Siku ya 12 lilikataa. Ndipo ilipoanza desturi ya kuigonga stata kwa nyundo. Mara nyingine iligongwa, gari likawaka. Na kila pigo lililofuatwa na mngurumo lilihesabiwa kuwa ushahidi. Mapigo yasiyofuatwa na kitu hayakuhesabiwa na mtu.

Baada ya hasara ya nyanya alipatikana mshtakiwa wa tatu, naye alikuwa na masikio ya kusikia hukumu yake. Utingo alikuwa ameajiriwa mwezi uleule ubovu ulipoanza. Ilikumbukwa kwamba mara kadhaa lori lilikataa baada ya yeye kuachwa peke yake kulilinda. Mmoja alisema kuwa kijana hufungua vitu apate kuuza dizeli. Mwingine alisema kwamba hana wizi, ila ana mkosi. Tajiri hakuchagua kati ya maneno hayo mawili, aliyachukua yote. Alizuia ujira wa mwezi kuwa fidia ya nyanya, akamwambia kijana kwamba mwisho wa mwezi ufuatao atafute kazi mahali pengine. Mnyonge hana haki, walisema wahenga. Nao hawakusema hivyo kwa kusifu.

Tajiri hakuwa mtu mwovu. Alikuwa mtu aliyetafuta sababu, na kutafuta sababu ni sifa ya akili. Kosa lilikuwa katika kupima. Ubovu wa vipindi huondoka wenyewe. Basi dawa yoyote itiwayo siku ya ugonjwa itafuatwa na siku za afya. Betri mpya ilifuatwa na afya, stata iliyotengenezwa ilifuatwa na afya, na kama mganga angalinyunyiza maji juu ya boneti, nayo maji yangalifuatwa na afya. Kufuatana si kuzaana. Jogoo huwika kabla ya jua kuchomoza, lakini hakuna mkulima wa Kilosa aliyepata kuchelewesha mchana kwa kuchinja jogoo.

Mjini Mikumi alikuwako fundi mzee, aliyeanza kazi katika siku za malori yaliyowashwa kwa mkono wa chuma mbele ya injini. Lori lilipelekwa kwake likiwa zima, jambo ambalo ni bahati mbaya kwa mgonjwa wa vipindi. Dereva alitazamia aone spana zikitoka sandukuni. Hazikutoka. Fundi alileta kigoda, akaketi, akauliza maswali. Likikataa, injini huzunguka bila kuwaka au haizunguki kabisa? Huwa ya moto au ya baridi? Taa huwaje? Lori huwa limesimama wapi? Dereva alitoa jibu moja na tajiri akatoa jingine. Kila mmoja alikumbuka siku zilizounga mkono rai yake.

"Kumbukumbu zenu ni wakili, si shahidi," alisema fundi. "Nunueni daftari."

Aliagiza kila kuwashwa kwa lori kuandikwe, kukubali na kukataa pia: mahali, saa, moto au baridi, mzigo au tupu, pamelala au pameinama, na nani alikuwako. Akaongeza sharti moja zito. Lori likikataa Mikumi au karibu yake lisisukumwe, lisigongwe, lisiguswe, aitwe yeye. Dereva aliona kuwa ni ukatili kuliacha gari likiwa limekufa barabarani. Lakini sharti lile ndilo lililokuwa msingi wa elimu yote. Tabibu wa homa ya malaria hutaka damu ya mgonjwa kabla ya kutoa dawa, na asipoona vijidudu mara ya kwanza hupima tena. Kulisukuma lori kabla ya kulipima ni kumnywesha mgonjwa dawa kisha kumwita tabibu aje kutazama jasho.

Jibu la swali la kwanza peke yake liligawa jambo zima katika nusu mbili. Injini ya dizeli haihitaji cheche. Rudolf Diesel, aliyepata hati ya uvumbuzi wake mwaka 1893, aliiacha hewa igandamizwe hata ipate moto wa kutosha kuwasha mafuta. Basi dizeli hutaka mambo mawili makubwa: mafuta yafike na injini izungushwe. Ikizunguka bila kuwaka, fundi huelekea upande wa mafuta: tangi, chujio, pampu, upepo ulioingia katika mabomba. Lori hili halikuzunguka kabisa, na liliposukumwa liliwaka papo hapo. Kwa hiyo mafuta yalikuwa hayana hatia. Shitaka lilibaki katika njia ya kuzungusha, yaani njia ya umeme kutoka betri hadi stata, na njia ya kurudi.

Watu wengi husahau njia ya kurudi. Tangu kampuni ya Cadillac ilipotia stata ya umeme ya Charles Kettering katika motakaa zake za mwaka 1912, dereva ameokolewa na mkono wa chuma uliokuwa ukivunja mifupa. Lakini amekabidhiwa jambo asiloliona. Umeme hauendi tu kama maji ya mfereji yamwagikavyo shambani. Huenda na kurudi, na pasipo marejeo hapana mwendo. Katika lori waya mnene hutoka ncha moja ya betri kwenda stata. Stata imefungwa juu ya injini. Chuma cha injini ndicho njia ya kurudia. Lakini injini imekalishwa juu ya mipira ili isitikise gari, na mpira haupitishi umeme. Basi huwekwa mkanda wa waya kuiunganisha injini na chesisi, na chesisi huunganishwa na ncha ya pili ya betri. Mkanda ule ni daraja, na hakuna atakayelitazama mpaka siku litakapovunjika.

Taa za mbele hazipiti daraja hilo. Marejeo yake ni katika bodi na chesisi. Kwa hiyo taa huweza kung'aa ilhali stata ni bubu, na aonaye taa zinang'aa hudhani umeme unafika kila mahali. Tena kazi hizi mbili si sawa kwa uzito. Taa hutosheka na ampea chache. Stata ya lori hutaka mamia. Kanuni aliyoitangaza Georg Simon Ohm mwaka 1827 yaonyesha hatari yake: kupitisha ampea 300 katika ukinzani wa omu 0.02 hula volti 6, nusu nzima ya nguvu ya betri ya volti 12. Ampea 5 katika ukinzani uleule hula volti 0.1 tu. Kutu kidogo kisichoonekana na taa ni ukuta mbele ya stata.

Daftari lilijazwa kwa majuma matatu. Aliyeandika alikuwa utingo, kwa kuwa tajiri hakuwa safarini na dereva hakupenda kalamu. Hivyo mshtakiwa ndiye aliyekuwa karani wa mahakama, na dereva alitia sahihi kila jioni ili pasiwe na maneno. Lilipofunguliwa mbele ya fundi, lilisema mambo matatu. Lori lilikuwa limekataa mara 6, na zote injini ilikuwa ya moto baada ya mtikisiko wa njia ya changarawe. Mara nyingi katika hizo lilikuwa limesimama pameinama upande mmoja. Na mara mbili kijana hakuwako. Alikuwa amekwenda kwao msibani. Tajiri alizisoma tarehe hizo mbili zaidi ya mara moja, kisha akalifunga daftari bila kusema neno.

Kijana alisema, "Shikamoo, mzee. Liko jambo jingine ambalo halimo katika daftari. Likikataa, hunuka plastiki inayoungua."

Dereva alimkemea, "Nyamaza, wewe. Mafundi wanazungumza."

"Marahaba, mwanangu," alisema fundi. "Mwache aseme. Hunuka wapi?"

Kijana alionyesha kitufe cha kuzimia injini, kilicho chini ya usukani. Katika malori ya kale injini haizimwi kwa ufunguo; huzimwa kwa kuvuta waya unaotoka mbele ya dereva hadi pampu ya dizeli. Fundi aliinama, akaufuata waya kwa vidole. Ganda lake la plastiki lilikuwa limeyeyuka mahali ulipogusa bodi. Hakuna moshi wa injini unaopita hapo. Umeme ulionyimwa daraja ulikuwa ukitafuta kivuko kingine, ukarudi kwa waya mwembamba usiokusudiwa kazi hiyo na kuuchoma. Harufu ile ilikuwa ushahidi bora kuliko betri mpya na kaboni mpya, nayo ilikuwa imejulikana tangu mwanzo na mtu mmoja asiyeulizwa.

Siku ya nne lori lilikataa karibu na soko la Mikumi. Halikusukumwa. Fundi alikuja na waya mnene na subira yake. Alimwambia dereva awashe taa na ageuze ufunguo: taa hazikufifia ila kidogo sana. Kama betri ingalikuwa dhaifu, au vifungo vyake vimeoza, taa zingalizama pamoja na stata. Basi kizuizi kilikuwa mbele ya hapo. Akaunganisha waya wake kutoka ncha hasi ya betri moja kwa moja hadi chuma cha injini. Ufunguo ukageuzwa, na lori likanguruma pale pale. Alipouondoa waya, injini ikiwa imezimwa, kimya kilirudi. Alipouweka tena, mngurumo ukarudi. Alifanya hivyo mara tatu mbele ya tajiri. Hapo ubovu wa vipindi uliacha kuwa mgeni wa usiku, ukawa mtumwa aitwaye akaja na afukuzwaye akaenda. Na huo ndio uthibitisho ambao siku 11 za afya haziwezi kuutoa.

Mkanda ulifunguliwa. Nyuzi zake nyingi zilikuwa zimekatika chini ya mafuta na matope, na boliti lake lilikuwa limekazwa juu ya rangi ya chesisi, wala si juu ya chuma kitupu. Kutu kilikuwa kimeingia katikati. Gari likitulia na kupoa, nyuzi chache ziligusana. Likipata moto, likitikiswa na kuinama, ziliachana. Ikakumbukwa kwamba giaboksi ilikuwa imeteremshwa ili kubadilisha sahani ya klachi, na mkanda ulifungwa upya siku hiyo. Ilikuwa mwezi uleule kijana alipoajiriwa. Mwezi ule ulileta wageni wawili, mtu na boliti; watu walimwona mtu kwa kuwa boliti lilikuwa chini ya gari.

Fundi alikwangua chuma hata kikang'aa, akafunga mkanda mpya, akapaka grisi. Hata hivyo alikataa kusema kuwa kazi imekwisha. Lori lililokuwa likikataa mara 1 katika kila 10, alisema, laweza kukubali mara 10 mfululizo bila kuponywa. Hesabu yamwunga mkono: ikiwa kukataa huja kwa nasibu, bahati ya kupita mara 10 salama ni kama 35 katika 100, na ya kupita mara 30 ni kama 4 katika 100. Aliagiza daftari liendelee mpaka kuwashwa kwa mara 30, na kuwashwa huko kuwe kwa moto na kwa changarawe, si kwa baridi ya alfajiri. Daftari lilitimiza hesabu hiyo bila kukataa hata mara moja.

Tajiri alimrudishia kijana ujira uliozuiwa na akamwambia abaki. Alifanya haki, na haki ile yastahili kuandikwa. Lakini pesa za betri na za stata hazikurudi, nyanya hazikurudi, na neno "mkosi" lililokwisha semwa sokoni halikuwa na boliti la kulifungua. Waliolisikia walikuwa wengi kuliko walioona waya wa fundi. Mavuno yalipokwisha kijana aliaga kwa heshima, akaenda kupanda lori la mtu mwingine huko Ifakara.

Kuna wanaodhani kwamba elimu ya kutafuta chanzo hukaa katika vyuo vikuu tu, na kwamba chini ya gari hakuna ila mafuta na matusi. Kazi ya fundi yule ilikuwa na kila kiungo cha elimu hiyo: kuuliza kabla ya kufungua, kuandika kukubali kama kuandika kukataa, kugawa jambo katika nusu, kujaribu kitu kimoja kwa wakati mmoja, kuuleta ubovu na kuuondoa kwa hiari, na kutotangaza ushindi kabla ya hesabu. Mwanachuoni anayetafuta chanzo cha njaa au cha kushindwa kwa wanafunzi mtihani yu katika hali ya tajiri wa Kilosa. Mbele yake yako mambo mengi yaliyofuatana, na liko moja lililozaa. Aghalabu aliye karibu kuliko wote na ubovu ndiye mdogo kuliko wote kwa cheo. Yeye ndiye anayenusa plastiki ikiungua, na ndiye anayeambiwa anyamaze.

Gharama ya kubadilisha kifaa kisicho na kosa ni fedha, na fedha hutafutwa tena. Gharama ya kumbadilisha mtu asiye na kosa haina duka la vipuri. Kwa hiyo mtu asiyejua bado chanzo cha jambo ana wajibu mmoja ambao ni mwepesi kusemwa na mzito kutendwa: aseme kwamba hajui, alipe gharama ya kungoja, na mikono yake iwe na kalamu kabla haijashika nyundo.